Pole kwa kuuguza: anayemhudumia mgonjwa naye anahitaji zamu ya kupumzika

Jioni inapoingia katika wodi za hospitali nyingi za ukanda huu, huonekana watu ambao majina yao hayamo katika daftari la wagonjwa wala katika orodha ya wafanyakazi. Hutandika mikeka kando ya vitanda, huanika nguo uani, hupita na chupa za chai na vyakula vilivyofunikwa, kisha hujinyoosha sakafuni bila kulala usingizi kamili. Mgonjwa akikohoa, wao ndio wa kwanza kuamka. Daktari akiandika dawa isiyopatikana hospitalini, wao ndio wanaotoka kwenda kuitafuta.

Kiswahili kina salamu yao: "Pole kwa kuuguza." Ni salamu ya heshima, nayo inakiri jambo ambalo utabibu ulichelewa kulipima, kwamba ugonjwa wa mtu mmoja huwa mzigo wa zaidi ya mtu mmoja. Hata hivyo, mara nyingi salamu hiyo huishia mdomoni. Mgeni hutoa pole, huuliza hali ya mgonjwa, huweka mezani alichokileta, kisha huaga. Anayeuguza hubaki pale pale alipokuwa.

Makala haya yanaeleza kinachompata mtu anayeuguza kwa muda mrefu bila msaidizi, na njia zilizotumika, hasa katika nchi jirani ya Uganda, ili watu wa namna hiyo warudishiwe nguvu za mwili na utulivu wa moyo.

Muuguzaji ni nani

Kitenzi "ugua" maana yake ni kuwa mgonjwa. Kikinyambuliwa huwa "uguza", yaani kumhudumia anayeugua. Kutokana na kitenzi hicho lugha imepata "muuguzi", mtaalamu aliyesomea kazi hiyo na anayelipwa mshahara, na pia "muuguzaji", yeyote yule aliye na mgonjwa mikononi mwake. Katika Kinyarwanda mtu huyo wa pili huitwa umurwaza, na katika Kiganda huitwa omujjanjabi. Kila jamii ya eneo hili inamfahamu, ndiyo maana kila lugha imempa jina.

Kazi yake haina mpaka ulioandikwa. Humwogesha mgonjwa, humlisha, humgeuza kitandani ili asipate vidonda vya kulala, humpeleka haja, hufua mashuka, hukumbuka saa za dawa, huzungumza na madaktari, hupokea wageni na hutafuta fedha. Akiwa nyumbani huongeza juu ya hayo watoto, shamba, biashara na jiko. Akimuuguza mzee aliyepoteza kumbukumbu au ndugu aliyepata kiharusi, kazi hiyo yaweza kuendelea kwa miaka.

Tofauti kubwa kati ya muuguzi na muuguzaji ni zamu. Saa ya muuguzi ikifika, mwenzake huja, hupokea taarifa za wagonjwa na kushika nafasi yake. Muuguzaji wa nyumbani hana wa kumkabidhi. Katika familia nyingi huwa ni mwanamke: mama, mke, binti au mkwe. Mara nyingi hakuna kikao kilichokaa kumteua. Huonekana tu kwamba yeye ndiye asiye na ajira ya mshahara, au ndiye anayeishi karibu, na siku zinavyopita jambo lililoanza kama msaada wa wiki moja hugeuka kuwa wajibu wake peke yake.

Machela ya vilima vya Kigezi

Upweke huo si desturi ya asili ya eneo hili. Katika vilima vya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na upande wa pili wa mpaka nchini Rwanda, wagonjwa tangu zamani walibebwa kwa machela ya kusukwa. Upande wa Uganda machela hiyo huitwa engozi, na upande wa Rwanda huitwa ingobyi, jina lile lile linalotumika kwa mbeleko ya kumbebea mtoto mgongoni.

Njia za vilima hivyo ni za mteremko mkali, na kituo cha afya kinaweza kuwa mbali. Hakuna watu wanne wanaoweza kumfikisha mgonjwa huko bila kupumzika. Kwa hiyo wabebaji hutoka wengi: wachache hushika miti ya machela mabegani, na wengine hutembea kando yao wakiwa tayari kupokea. Bega moja likichoka, jingine huingia chini ya mti huo, na mgonjwa hashushwi chini. Anayeachia mzigo haonekani mvivu, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba baada ya kupumua ataurudia.

Desturi hiyo ilizaa vyama vya vijiji vyenye kanuni zake. Kaya hujiandikisha, kila kaya hutoa mtu wa kubeba inapohitajika, na asiyefika bila sababu hutozwa faini. Vyama hivyo viliingia pia katika mambo ya mazishi na akiba. Hospitali ya Kisiizi, katika wilaya ya Rukungiri, ilipoanzisha mpango wake wa bima ya afya ya jamii mwaka 1996, ilijengea juu ya vyama hivyo vya machela, kwa sababu watu walikuwa tayari wamezoea kuchangia gharama ya ugonjwa wa mwenzao kabla zamu yao wenyewe haijafika.

Lakini machela humfikisha mgonjwa mlangoni tu. Akishalazwa, au akisharudishwa nyumbani, wabebaji hutawanyika na mzigo hubaki juu ya bega moja. Suala la kumtunza muuguzaji kwa kiasi kikubwa ni suala la kuiendeleza desturi hiyo ya kupokezana hadi ndani ya chumba cha mgonjwa.

Uchovu usioondoka kwa usingizi

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu katika kliniki ya kujitolea mjini New York, aliandika kuhusu wahudumu wenzake ambao walianza kazi wakiwa na ari kubwa na baada ya miezi wakawa wamekwisha nguvu, wepesi wa hasira na wasiojali tena. Aliufananisha uchovu huo na jengo lililoungua na kubaki kuta tupu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa maelezo yake ya hali hiyo mwaka 2019 katika orodha yake mpya ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Shirika hilo lilitaja alama tatu: kuishiwa nguvu, kuwa mbali na kazi kimawazo au kuichukia, na kuhisi kwamba unachokifanya hakina mafanikio. Hata hivyo, maelezo hayo yanahusu mazingira ya ajira peke yake, na WHO haikuiita hali hiyo ugonjwa. Mama anayemgeuza mumewe kitandani mara nne kila usiku hayumo ndani ya maelezo hayo, kwa kuwa hana mwajiri, ingawa alama zote tatu anaweza kuwa nazo.

Watafiti wa uzee walitafuta kipimo kingine kwa ajili ya watu kama yeye. Mwaka 1980 mtaalamu Steven Zarit na wenzake nchini Marekani walitunga orodha ya maswali ya kupima uzito wa kuuguza, na toleo linalotumika zaidi hadi leo lina maswali 22. Humuuliza muuguzaji kama amekosa muda wake mwenyewe, kama huona hasira anapokuwa karibu na mgonjwa, na kama afya yake imeharibika. Swali moja miongoni mwa hayo lina uzito wa pekee: je, huhisi kwamba angepaswa kufanya zaidi ya anavyofanya? Kwa kuliweka swali hilo katika orodha, watafiti walikiri kwamba mtu aliyekwishatoa nguvu zake zote anaweza bado kujiona mwenye deni.

Yaliyopimwa mwilini

Madhara ya mzigo huo hayaishii moyoni. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri unaolingana ambao hawakuwa wakiuguza. Kila mmoja alifanyiwa kidonda kidogo kilekile mkononi. Vidonda vya wale waliokuwa wakiuguza vilichelewa kupona kwa takriban siku tisa zaidi ya vya wenzao. Ngozi yenyewe ilionyesha kwamba mwili uliokosa mapumziko hujiponya kwa shida.

Miaka minne baadaye, mwaka 1999, watafiti Richard Schulz na Scott Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minne wazee waliokuwa wakiwahudumia wenzi wao wa ndoa. Wale waliohudumia na huku wakielemewa walikuwa na uwezekano wa kufariki uliozidi kwa asilimia 63 ule wa wazee wasiokuwa na mzigo huo.

Sehemu ya pili ya matokeo hayo hutajwa mara chache, lakini ndiyo inayoleta matumaini. Wazee waliohudumia wenzi wao bila kuelemewa hawakuonekana kuwa katika hatari hiyo iliyozidi. Hivyo kumhudumia umpendaye hakuonekani kuwa hatari kwa nafsi yake. Hatari ilionekana pale uzito ulipozidi nguvu za aliyeubeba, na uzito ni jambo linaloweza kupunguzwa.

Kampala: mgonjwa akitulia, muuguzaji hulala

Uganda ilijifunza somo hili mapema kuliko nchi nyingi, kwa kuwa UKIMWI uliifikia mapema. Mwaka 1986 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alipata habari kwamba mumewe Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza, ana ugonjwa huo. Alimuuguza, na Januari 1987 akampoteza. Mwaka huohuo yeye na wenzake, kikundi cha watu 16 ambao wengi wao waliishi na virusi hivyo au waliwauguza wenye navyo, walianzisha shirika la TASO. Kabla dawa za kupunguza makali ya virusi hazijapatikana, walichoweza kupeana mwanzoni kilikuwa mahali pa kukaa na kusema bila kuona haya. Mgonjwa na anayemuuguza walipokewa katika chumba kimoja, na kutokana na kikundi hicho lilikua shirika la nchi nzima.

Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, pia mjini Kampala, ili kutoa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye maradhi mazito. WHO inapoeleza tiba hiyo hutaja mgonjwa pamoja na familia yake, kwa sababu mateso ya mmoja humfikia mwingine.

Namna yanavyomfikia ni rahisi kuiona. Mgonjwa wa saratani asiyepata dawa ya maumivu hulia usiku, na muuguzaji hukesha naye akiwa hana la kufanya. Hospice hiyo ilitumia morfini ya maji, ambayo ni ya bei nafuu na mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani. Dawa hiyo hutolewa kila baada ya saa nne, lakini wataalamu wa tiba shufaa huweza kuelekeza kipimo cha usiku kiwe kikubwa zaidi, ili mgonjwa asiamshwe katikati ya usingizi. Kwa mpango huo mdogo watu wawili hulala badala ya mmoja. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu pia wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, na hivyo ikawafikia wagonjwa walio mbali na madaktari.

Kwa hiyo muuguzaji anayemweleza mhudumu wa afya kwamba mgonjwa wake halali kwa maumivu hapaswi kujiona msumbufu. Anaeleza jambo la matibabu, na jibu lake laweza kuwa usingizi wa nyumba nzima.

Kukaa pamoja: Rakai, Masaka na Rhino Camp

Wilaya za Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, ni miongoni mwa maeneo yaliyopoteza watu wengi kwa UKIMWI. Mwaka 2002 watafiti walijaribu njia ya vikundi katika vijiji 30 vya eneo hilo kwa watu wenye sonona, yaani huzuni nzito iliyofikia kuwa ugonjwa. Hawakuanza na maneno ya kigeni. Waliwauliza wanakijiji wenyewe, wakapewa majina mawili ya Kiganda: okwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia hadi kukata tamaa.

Kila kikundi kilikuwa cha wanaume au cha wanawake peke yao, kikiongozwa na mtu wa eneo hilo aliyepewa mafunzo ya wiki mbili. Walikutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16, wakizungumzia mambo ambayo mara nyingi huhusiana na huzuni hiyo, kama vile msiba, ugomvi na mabadiliko makubwa ya maisha. Vikao vilipokwisha, waliobaki na dalili za sonona katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7. Vikundi hivyo havikuundwa kwa ajili ya wauguzaji peke yao, lakini mambo hayo ndiyo yanayomkuta mtu aliyeuguza kwa muda mrefu.

Jaribio jingine lilifanyika kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki. Karibu nusu ya kundi hilo ilikutana kwa wiki tano, saa mbili kila mara, kusikiliza mafunzo ya WHO yaliyorekodiwa kwa sauti, pamoja na kitabu cha picha kinachoweza kufuatwa hata na asiyejua kusoma. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba dhiki ya moyo ilipungua zaidi kwa waliohudhuria kuliko kwa wasiohudhuria.

Yaliyofundishwa humo ni mambo ambayo muuguzaji anaweza kuyafanya akiwa ameketi kando ya kitanda. La kwanza ni kujituliza mahali alipo: kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kupumua polepole, kisha kuangalia kinachoonekana na kusikiliza kinachosikika wakati huo. La pili ni kulitambua wazo linalomvuta na kulitaja kwa jina lake, kwa mfano "hili ni wazo la hofu", kisha kurudi kwenye kazi iliyo mikononi. La tatu ni kutenda jambo, hata dogo, linalolingana na anachokithamini. La nne ni kujisemesha kwa upole, kama ambavyo angemsemesha rafiki. La tano ni kuacha hisia ngumu zipite bila kupigana nazo, kama wingu linavyopita.

Kupanga zamu nyumbani

Mazoezi hayo husaidia, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya mtu wa pili. Anayekosa usingizi kwa siku nyingi hahitaji kwanza kufundishwa kupumua, anahitaji mtu wa kumshikia usiku huo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya familia nzima.

Familia inaweza kuitisha kikao kifupi mapema, kabla muuguzaji hajaanguka, na kuandika kazi zote zinazofanyika kwa siku moja. Orodha hiyo pekee mara nyingi huwashtua waliodhani kwamba kazi ni "kukaa na mgonjwa" tu. Kisha kila kazi hupewa mwenyewe. Ndugu aliye mbali mjini au ng'ambo hawezi kumgeuza mgonjwa, lakini anaweza kulipia mfuaji wa nguo, kununua dawa za mwezi, au kugharamia mtu wa kulala na mgonjwa siku mbili kwa wiki. Wanaume wa nyumba, ambao desturi imewaacha kando, wanaweza kushika kazi za kumnyanyua mgonjwa, kumwogesha baba au kaka yao, na kukesha.

Zamu nzuri ina siku na saa. Ahadi ya "nikipata nafasi nitakuja" humfanya muuguzaji asubiri bila kupumzika. Ahadi ya "Jumamosi saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni" humwezesha kupanga kwenda sokoni, kwenye ibada, kumtembelea rafiki, au kulala tu. Anayepokea zamu naye aachiwe maelezo mafupi yaliyoandikwa: dawa zipi, saa ngapi, chakula gani, na nani wa kupigiwa simu.

Wageni nao wana nafasi yao. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa maana kwamba asiyeubeba huuona mwepesi. Njia ya kuupima uzito wake ni kuushika. Mgeni anaweza kuja na chakula kilichopikwa, kuondoka na nguo za kufua, kuwachukua watoto kwa mchana mmoja, au kusema, "Nenda ukalale saa mbili, mimi nitakaa hapa." Muuguzaji naye ajifunze kujibu anapoulizwa afanyiwe nini. Wengi hujibu "hakuna shida" kwa adabu, na mgeni aliyekuwa tayari kusaidia huondoka mikono mitupu.

Hatia ya kupumzika

Kikwazo kikubwa mara nyingi si ukosefu wa msaidizi. Ni hatia. Muuguzaji akicheka na jirani, akila akashiba au akilala hadi jua litoke, moyo humwambia kwamba amemsaliti aliye kitandani. Wengine huhisi hasira dhidi ya mgonjwa, au hufika mahali pa kutamani yaishe, kisha hujichukia kwa kuwaza hivyo.

Hisia hizo huwapata watu wengi wanaouguza kwa muda mrefu, nazo hazifuti upendo. Hasira mara nyingi ni sauti ya mwili uliochoka. Kutamani mateso yakome ni tofauti na kumtakia mtu mabaya. Kumweleza mtu mmoja anayeaminika, awe ndugu, kiongozi wa dini au mhudumu wa afya, huipunguza nguvu aibu hiyo.

Ipo pia hoja ya wazi ya kumtetea anayepumzika. Muuguzaji asiyelala husahau dawa au huzitoa mara mbili, humnyanyua mgonjwa vibaya hadi kuumia mgongo, na humjibu kwa ukali mtu asiye na pa kukimbilia. Chakula chake, usingizi wake na dawa zake mwenyewe za shinikizo la damu au kisukari ni sehemu ya matunzo ya mgonjwa. Anayezikosa kwa ajili ya mgonjwa humkosesha mgonjwa pia.

Dalili zisizopuuzwa

Uchovu wa kawaida hupungua baada ya usingizi wa siku mbili tatu. Yafaa kumwona mhudumu wa afya pale muuguzaji anapokosa usingizi hata akipata nafasi ya kulala, anapopoteza hamu ya kula au kukonda, anapolia mara kwa mara bila sababu anayoijua, anapoanza kutegemea pombe au dawa za usingizi, anapoumwa kichwa au kifua kila mara, au anapoona hakuna kinachomfurahisha kwa zaidi ya wiki mbili.

Mambo mawili hayangoji wiki mbili: kuwaza kujiua au kujidhuru, na kujikuta karibu kumpiga au kumdhuru mgonjwa. Hapo mtu mwingine ashike nafasi mara moja, na muuguzaji apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa na mtu wa kumsindikiza. Aliyefika hapo amebeba kupita kiasi, na anastahili kupokelewa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Baada ya kuuguza

Kazi hii humalizika kwa namna mbili, mgonjwa kupona au kufariki, na katika zote mbili muuguzaji hubaki na ombwe. Aliyezoea kuamka saa nane za usiku huendelea kuamka ingawa hakuna anayemwita. Baada ya msiba hutokea nafuu kidogo ya mwili pamoja na huzuni, na nafuu hiyo nayo huleta hatia mpya. Watu hujaa siku za matanga, kisha hutawanyika, na ukimya humkuta yule aliyekuwa karibu zaidi na kitanda.

Wakati huo ndio wa kumrudia. Kumtembelea baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu, kumsaidia kurudi shambani au dukani, na kumwachia amzungumzie marehemu bila kuharakishwa, ni huduma inayogharimu muda tu. Kazi aliyoiacha, rafiki aliyekoma kumtembelea na matibabu yake mwenyewe aliyoyaahirisha ndiyo mambo ya kuanza nayo, moja baada ya jingine.

Wabebaji wa engozi hawakusubiri mwenzao aanguke ndipo wapokee. Walitembea kando yake wakimtazama, na hatua zake zilipoanza kuyumba waliingiza bega. "Pole kwa kuuguza" itabaki kuwa salamu njema katika lugha hii. Itatimia zaidi pale mgeni atakapoongeza swali la pili, na kulisubiri jibu lake: "Na wewe, nani atakupokea usiku wa leo?"